Vigingi Katika Zizi la Baba

Jumatatu, 10 Julai 1995

Nimefungua belo jipya la mitumba leo. Makoti ya baridi, belo zima. Nani anavaa koti la manyoya Bariadi? Nimeuza mawili hata hivyo. Moja kwa mlinzi, jingine kwa mama mmoja anayetaka kufunikia vifaranga.

Nimerudi nyumbani jua bado kali, nikakuta vigingi zizini. Vya mbao, vimefungwa utepe mwekundu. Vimeanzia huko barabara ya Maswa, vimenyooka kama uzi, vimeingia zizi la baba upande huu na kutokea upande wa pili, hadi mlangoni kwa mama. Watu wa barabara hodi hawakupiga.

Nimeving'oa vyote vya zizini nikavitupa kwenye minyaa. Utomvu umenirukia mkononi, ngozi inawaka moto hadi sasa. Mama alikuwa amekaa kizingitini akichambua mchicha. Aliwaona wakivipigilia na hakusema neno. Nimemfokea. Mtu wa miaka yangu, kumfokea mama yake.

Jumanne, 11 Julai

Vigingi vimerudi. Vipya, virefu zaidi. Injinia wao kaja mwenyewe safari hii, kijana mpole, viatu vinang'aa. Kamsalimia mama vizuri, kamuuliza mwenye mji ni nani na yuko wapi. Mama kamwambia yupo. Wapi? Mama akaonyesha zizini kwa kidole. Injinia kageuka kuangalia. Miiba mikavu na kuku wawili. Akadhani mzee katoka kidogo, akasema aambiwe afike kikaoni Jumatano ijayo. Mama akaitikia kwa heshima, eti ataambiwa.

Nilicheka mpaka nikajifuta machozi kwa kanga. Halafu kicheko kikakata, maana injinia ameondoka bila kuelewa na mama hana habari kwamba hakueleweka. Kwake yeye hilo lilikuwa jibu kamili. Mzee wa Kisukuma akifa anazikwa zizini mwake. Ng'ombe wanakanyaga juu mpaka ardhi inakuwa sawa. Msalaba haupo, saruji haipo. Ndivyo alivyozikwa babu na ndivyo alivyozikwa baba. Padri alinuna siku ile lakini alisali.

Barabara mpya inapita kifuani mwa baba. Sitaki. Nikiulizwa sababu zaidi ya hiyo, sina.

Alhamisi, 13 Julai

Biashara mbovu. Nimekaa juu ya makoti yangu nikiwaza nitakachosema kikaoni, naandika hapa nisije nikababaika.

Nitawaambia habari za barabara hii. Kwanza ilikuwa njia ya ng'ombe kwenda mtoni. Ng'ombe hanyooshi njia, anazunguka jiwe, anazunguka tope, na watu wakafuata nyuma yake. Kisha enzi za watemi ikatoka amri, kila kijiji kikapewa kipande chake kulima kwa jembe. Baba alikuwa kijana, alilima cha kwao. Alikuwa akitusimulia jinsi vijana walivyopiga ngoma na kushusha majembe kwa pamoja, na mnyapara amesimama na kiboko. Hakulipwa hata chumvi. Baadaye yakaja malori ya ushirika kubeba pamba, na mimi nikapata kazi ya ukarani pale mizani. Vumbi la malori yale ndilo lililonijengea nyumba.

Sasa ushirika umelala. Mwaka jana tukaitwa, tukashukuriwa, tukapunguzwa. Kiinua mgongo changu nikamalizia bati na madirisha. Pamba inanunuliwa na matajiri binafsi, na mmoja wao amejenga kiwanda upande wa pili wa mji. Malori yake hayapendi kona. Kwa hiyo barabara inanyooshwa na kupanuliwa, njia mbili, katikati maua. Diwani anasema itakuwa kama za Dar es Salaam. Uchaguzi unakaribia, kila kitu kitakuwa kama cha Dar es Salaam.

Sipingi barabara. Niandike hilo pia. Nimekula vumbi miaka yote, lami naitaka kama wao. Iwekwe, ila ipite pembeni.

Jumapili, 16 Julai

Nimetoka misani nikamkuta kaka Masunga nyumbani, katoka Mwanza na basi la asubuhi. Nilifurahi kwa muda wa kunywa chai.

Amekuja kukubali. Yeye ndiye mtoto wa kiume, yeye ndiye wanayemwita. Anasema fidia ichukuliwe, mifupa ihamishwe kwenye makaburi ya mji, ijengewe vizuri na vigae. Siku hizi kaokoka, anasema kulala chini ya mavi ya ng'ombe ni ushenzi. Kasema hivyo mbele ya mama.

Mama kamjibu taratibu, kwa Kisukuma, kwamba baba yake alifanya kazi maisha yote ili alale chini ya kwato, na kwamba yeye Masunga alisoma kwa ng'ombe waliokanyaga pale. Kisha kaingia ndani, kafunga mlango. Mchana huu mzima hajatoka.

Nimemwambia kaka arudi Mwanza. Kaniambia mimi ni mwanamke niliyerudi nyumbani baada ya ndoa kunishinda, sina sauti kwenye mji huu. Ni kweli ndoa ilinishinda. Sauti ninayo. Nimempa ya kumtosha, mpaka jirani yetu Mama Shija akaja mbio akidhani kuna moto.

Jumatano, 19 Julai

Kikao. Ofisi ya mtaa imejaa hadi madirishani.

Nilisimama. Nilisema yote niliyoandika Alhamisi na mengine ambayo sikuandika. Watu walipiga makofi. Injinia alisikiliza mpaka mwisho, sina la kumlaumu hapo. Kisha akajibu. Walikagua eneo, hawakuona kaburi. Mtoto wa kiume wa marehemu amethibitisha kuwa familia iko tayari. Ramani inaonyesha mahali pale ni uwanja mtupu, na ndiyo maana mstari ukapitishwa pale, ili kuepuka nyumba za watu.

Halafu akasema kile kilichonichoma. "Mama, zizi lisilo na ng'ombe ni uwanja tu."

 Ni kweli. Ng'ombe wetu wa mwisho aliuzwa baba alipokuwa hospitali. Tumeliacha zizi wazi, mimi mwenyewe naanika mitumba mle. Miiba imeoza. Yeyote angeona uwanja.

Katapila litafika kwetu Jumatatu. Kaka hakunitazama tulipotoka.

Alhamisi, 20 Julai

Sikwenda sokoni. Nimeamka na hasira ikiwa imekaa mahali pake, wala hainisumbui. Nimemuuliza mama ng'ombe wa baba wako wapi.

Si wale waliouzwa. Wale wengine. Baba hakuweka ng'ombe wake wote mahali pamoja, hakuna mzee mwenye akili aliyefanya hivyo. Aliwagawa kwa marafiki wamtunzie. Anayetunza anakamua maziwa, anachukua samadi, mara moja moja anapewa ndama. Lakini ng'ombe na uzao wake ni wa mwenyewe, hata kama amekufa. Ugonjwa ukiingia mji mmoja, mwingine unabaki.

Mama kasema wako Sapiwi, kwa Mzee Nkwabi, rafiki wa baba wa tangu ujana. Kataja na rangi zao, na mama zao, na bibi zao. Nimeuliza kwa nini hakusema miaka yote hii tukila mlenda. Kasema sikuuliza, na kwamba kudai ng'ombe ni kazi ya mtoto wa kiume.

Kaka kalala sebuleni kwangu anasubiri fidia. Sitamwambia.

Ijumaa, 21 Julai

Sapiwi na kurudi kwa baiskeli. Makalio sina tena.

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Mzee Nkwabi angeweza kukana, nani angemshinda? Mashahidi wengi wameshakufa. Nilipiga goti uani kwake. "Mwangaluka, baba." Akaitikia, akaniuliza habari za mama, za mvua, za pamba, za wote hadi mbuzi. Ndipo akauliza, "Ng'wanone, mwanangu, kaka yako yuko wapi?"

Nikamwambia ukweli. Kaka amemuuza baba. Nimekuja mimi, na kama mila inakataa, basi baba atafukuliwa kwa katapila siku ya Jumatatu mila ikiangalia.

 Nilidhani nimeharibu. Mke wake mkubwa ndiye aliyeguna, akasema, "Mpe mtoto ng'ombe za baba yake." Mzee akaniambia niinuke. Kasema kila mwaka alikuwa akimtegemea kaka, na kila mwaka kaka hakuja hata kuwaona. Kanipeleka malishoni. Ni wengi. Sikutegemea wawe wengi hivyo. Nilishika pembe ya mmoja mwekundu nikalia wazi, mbele ya watu, sikujificha.

Watawaleta wenyewe. Kasema siyo kazi ya mwanamke mmoja na baiskeli.

Jumapili, 23 Julai

Sikusali leo, Mungu anisamehe. Tumekata miiba tangu asubuhi, mimi na Mama Shija, kuziba mapengo ya zizi. Yeye ni mjane, anauza chai mbele ya kibanda chake cha udongo upande wa kulia wa zizi letu. Mimi niko kushoto, nyumba ya tofali. Chai hakuuza leo. Mikono yake imechanika kuliko yangu.

Kaka kauliza tunafanya nini. Nikamwambia usafi.

Jioni wamefika. Vumbi kwanza, halafu kengele, halafu Mzee Nkwabi mbele na fimbo yake, wanawe watu wazima nyuma. Mji mzima ulitoka kuangalia. Mama alisimama penye lango la zizi akimwita kila mmoja alipopita, kwa jina la mama yake. Wameingia kwa mwendo wao bila kusukumwa, wakakojoa, wakalala. Vigingi vimevunjika chini ya miguu yao. Kaka kasimama mlangoni kwangu mdomo wazi. Nimemwonea huruma kidogo, kidogo tu.

Jumatatu, 24 Julai

Katapila limekuja. Nyuma yake injinia, mgambo, diwani na watoto wote wa Bariadi.

Tulikuwa hatujawafungulia ng'ombe. Nilisimama langoni.  Dereva kasogea mpaka nikahisi joto la injini usoni. Kasimama. Kaangalia ng'ombe, kamwangalia Mzee Nkwabi, kauliza kwa Kisukuma kuna nini hapa. Mzee kamwambia kwa sauti watu wote wasikie, "Kuna mtu amelala. Hawa ni wake."

Dereva kazima mashine. Ni mtu wa Maswa, wa Nyalikungu, mtu mzima mwenye mvi. Kavua kofia. Injinia kamwamuru awashe. Kamjibu hawezi, mafuta yana maji. Watu waliangua kicheko hadi mgambo. Mafuta hayakuwa na maji hata tone.

Diwani alinivuta pembeni, ananibembeleza, eti nisimharibie. Nikamwambia kura za Sapiwi zote zimekaa pale kwenye fimbo zao, azihesabu mwenyewe. Aliwaangalia. Nadhani alizihesabu.

Wameondoka. Sauti imenikauka kabisa. Naandika huku nacheka peke yangu kama kichaa.

Jumatano, 26 Julai

Ng'ombe wanatoka asubuhi, wanarudi jioni. Watu wa Sapiwi wamebaki nao. Mama Shija anawapikia ugali kwa unga wake na wangu. Anachota maji, anaimba. Nimemwambia apumzike. Kasema hajawahi kuona serikali ikirudi nyuma, aache kufurahia?

Kaka kaondoka na basi. Alimuaga mama. Kwangu alisema tu kwamba zizi linanuka. Nimemfungia samli ya wanawe. Ni kaka yangu, nifanyeje.

Ijumaa, 28 Julai

Tumeshinda! Injinia kaja bila mgambo. Mstari utahamishwa. Zizi linabaki, nyumba ya mama inabaki. Kampa mama mkono. Mama Shija kapiga vigelegele mpaka mbwa wakabweka. Tumechinja jogoo.

Jumamosi, 29 Julai

Wamepiga vigingi vipya. Vinapita kwa Mama Shija.

Katikati ya kibanda chake. Kimoja wamekipigilia mahali anapowasha moto wa chai.

Nilimkimbilia injinia. Kanieleza bila kificho. Upande wa kushoto kuna nyumba yangu, tofali na bati, fidia yake kubwa. Kulia ni udongo na nyasi. Hesabu ni rahisi. Kasema nilitaka pembeni, wamepita pembeni.

Nilitaka pembeni. Nililisema mbele ya watu wote, na sikuangalia pembeni kuna nani.

Mama Shija hakulia. Alimimina chai iliyobaki, akaosha vikombe, akavifunika. Akanisalimia kama anavyosalimiwa mtu mpita njia.

Jumapili, 30 Julai

Misani alikaa benchi jingine. Namwona mgongo tu, na mikono ile iliyochanika kwa miiba yangu.

Nina aibu. Nimejaribu kujitetea humu nimefuta. Naweza kukaa kimya. Hakuna atakayenilaumu, injinia ndiye aliyechora. Nyumba yangu itakuwa ya barabarani, naweza kufungua duka la mitumba mbele, lami mlangoni. Nimekaa na wazo hilo tangu mchana. Ni wazo zuri. Linanichefua.

Jumanne, 1 Agosti

Nimekwenda ofisini kwao kabla hawajafungua, nikakaa ngazini. Injinia aliponiona alishusha pumzi.

Nimemwambia apitishe kushoto. Kwangu. Kasema haiwezekani, bajeti. Nimemwambia nitachukua fidia ile ile ya kibanda cha udongo, senti moja zaidi sitaki. Kaniuliza kama nina akili timamu. Nimemwambia hilo aulize Mwanza kwa kaka yangu, mimi anichoree mstari. Alichukua penseli, akaiweka, akaichukua tena. Kasema, "Mama, wewe ni mtu mgumu sana." Nimemwambia asante.

Nimetia sahihi.  

Mama nimemwambia nikiwa namkuna mgongo, nisimwone uso.  Aliuliza madirisha nitayang'oa lini, kabla wezi hawajayang'oa.

Alhamisi, 3 Agosti

Mama Shija kaja mapema. Hakuna salamu. Kapanda ukutani kwangu na nyundo, kaanza kung'oa misumari ya bati, mmoja mmoja, anainyoosha kwa jiwe na kuitia kwenye kopo. Nikapanda upande wa pili. Tumefanya kazi hadi adhuhuri bila neno. Kisha akasema misumari yangu ni ya bei rahisi. Nikamwambia ni ya ushirika. Tukacheka, halafu yeye akalia, mimi nikaendelea kung'oa.

Jumatano, 9 Agosti

Katapila limepita. Dereva yule yule, mafuta yake leo hayakuwa na maji. Alinitazama kwanza, nikamwitikia kwa kichwa. Chumba cha kulala kilianguka cha mwisho. Sikudhani nyumba inaweza kuisha upesi namna ile. Nilisimama mpaka mwisho. Nilitaka nione kila tofali, nisije nikadanganyika baadaye kwamba ilikuwa ndogo.

Imeniuma. Inauma sasa hivi. Sijutii.

Jumapili, 13 Agosti

Greda linasawazisha. Kitanda changu kilikuwa pale linapogeukia.

Nalala kwa mama. Anakoroma, anakataa kwamba anakoroma. Watu wa Sapiwi wamerudi kwao na ng'ombe wengi, malisho hapa hayatoshi. Wachache wamebaki, yule mwekundu yumo. Mzee Nkwabi kasema wengine nikawatazame kila mwaka. Kaniambia mimi, hakumtaja kaka.

Mama Shija kaleta michembe ya viazi vikavu na chai. Tumekula kizingitini, watatu. Tumezungumzia kuhara kwa vifaranga.

Bati na misumari vinatosha chumba kimoja. Nitaanza kufyatua tofali wiki hii, nyuma ya zizi. Mama kauliza mlango nitauelekeza wapi, barabarani kuna upepo mzuri na wateja. Nimemwambia utaelekea zizini. Kasema basi kizingiti nisikiweke juu sana, ndama huwa wanaingia, wasijikwae.